Akili ikiwa mkononi: mbona N20 haitikisiki, na N140 siioni kabisa?

IsyesyeKwetu (Mbeya)

Shikamooni wakubwa, wengine habari za jioni. Naomba msaada wa wanaoijua EEG, yaani kurekodi umeme wa ubongo kwa elektrodi za kichwani.

Natayarisha zoezi la vitendo la fiziolojia. Lengo ni kuonyesha kwamba mguso uleule unaleta umeme tofauti kichwani, kutegemea kama mtu anauzingatia au akili yake iko kwingine. Vitabuni imeandikwa kwamba mtu akielekeza akili kwenye mkono unaoguswa, mawimbi ya milisekunde 100 na 140 hivi (P100 na N140: P ni chanya, N ni hasi, namba ni milisekunde baada ya mguso) yanakua. Kwenye skrini yangu hakuna kinachokua.

Mpangilio ni huu. Kichocheo cha umeme juu ya neva ya mediani, kifundo cha mkono wa kulia, mpigo wa mraba wa milisekunde 0.2, nguvu inapandishwa mpaka kidole gumba kicheze kidogo. Mipigo 5 kwa sekunde, haibadiliki. Elektrodi ya kurekodi iko CP3 (kushoto, nyuma kidogo ya utosi), ya rejea iko Fz (mbele katikati), ya ethi iko kwenye paji la uso. Filta 30 hadi 2000 Hz. Raundi ya kwanza mshiriki anahesabu mipigo, jumla 500. Raundi ya pili anasoma gazeti, mipigo 500 mingine. Halafu nalinganisha wastani wa raundi hizo mbili.

N20 inatoka safi, ila ni ileile raundi zote. Kuanzia milisekunde 60 hivi ni mstari karibu bapa wenye vijiwimbi vya 50 Hz. Na kwa washiriki wawili N20 ya raundi ya pili imechelewa karibu milisekunde nzima. Je, kule kuchelewa ndiyo athari ya kutozingatia? Na N140 imekwenda wapi?

---

Gangilonga (Iringa)

Kamwene. Mkuu, mashine yako haina kosa. Umechukua mpangilio wa hospitali, ule wa kuangalia kama njia ya neva ni nzima toka mkononi hadi kichwani, ukaupa kazi isiyo yake. Mpangilio huo umetengenezwa makusudi ili mawimbi ya baadaye yasisumbue. Kwa hiyo yamefutwa, na yamefutwa mara tatu.

Anza na filta. N140 ni wimbi pana, linachukua makumi ya milisekunde kupanda na kushuka, na nguvu yake karibu yote iko chini ya 10 Hz. Ukikata kila kilicho chini ya 30 Hz umeshalitupa kabla hata ya kupiga wastani. N20 ni kinyume chake: ni kijikilele cha milisekunde chache tu, ukikata juu kwenye 30 Hz unakisawazisha kikapotea. Usichague kimoja wakati wa kurekodi. Rekodi pana, kuanzia 0.1 Hz hadi 2000 Hz, sampuli 5000 kwa sekunde kama amplifaya yako inaweza, kisha tengeneza nakala mbili kwenye kompyuta: moja ya 30 hadi 2000 kwa ajili ya N20, nyingine ya 0.1 hadi 100, au hata 0.1 hadi 40, kwa mawimbi ya baadaye. Amplifaya ya sampuli 500 kwa sekunde inachukua nukta moja kila milisekunde 2. Kwa N140 inatosha, kwa N20 usijisumbue.

Pili ni Fz. N140 haikai upande mmoja kama N20. Imetandaa katikati na mbele ya kichwa, pande zote mbili, na Fz iko ndani ya eneo hilohilo. Ukiifanya Fz kuwa rejea unatoa N140 kwenye N140. Ni kama mtu wa bonde la Usangu anayepima mafuriko akiwa ndani ya mtumbwi: maji yakipanda na yeye anapanda, ataapa kwamba hakuna mafuriko. Hamishia rejea kwenye ndewe za masikio yote mawili, au ncha ya pua, na ongeza Fz, Cz (utosini) na CP4 (pacha wa CP3 upande wa kulia) ziwe elektrodi za kurekodi.

Tatu ni kasi, na hapa ndipo wengi wanapopotelea. Mawimbi ya baadaye yanachoka upesi. N20 haijali mipigo 3 au 5 kwa sekunde, lakini N140 inahitaji muda kurudi katika hali yake, na muda huo unahesabiwa kwa sekunde, si kwa milisekunde. Mipigo 5 kwa sekunde maana yake mpigo mpya unakuja kila milisekunde 200, wakati wimbi la mpigo uliopita halijatulia. Shusha hadi mpigo mmoja kwa sekunde hivi. Kwa sababu hiyo zoezi la N20 na la N140 haliendi kwa raundi moja. Ama unafanya raundi mbili za kasi tofauti, ama unakubali N20 yenye kelele kidogo.

Na vile vijiwimbi vya 50 Hz vina sababu yake. Ndani ya milisekunde 200 umeme wa ukutani unazunguka mara 10 kamili. Kila mpigo wako unaukuta umeme uko mahali palepale, kwa hiyo wastani hauufuti, unaulinda. Weka 4.7 badala ya 5, au afadhali zaidi acha muda kati ya mipigo ubadilikebadilike. Usikimbilie filta ya kukata 50 Hz: ikikutana na ule mchomo wa kichocheo kwenye milisekunde 0 hadi 5, inapiga mwangwi unaofanana kabisa na wimbi la ubongo.

Sasa kuhusu N20 yenyewe kutotikisika. Hapo hujakosea, ndivyo ilivyo. Mpigo unapanda kwa nyuzi nene za mguso, unapita kwapani na begani (N9, milisekunde 9 hivi), unaingia uti wa mgongo shingoni (N13), unavuka upande kwenye shina la ubongo (P14), unapita thalamasi na kufika gamba la ubongo, ukuta wa nyuma wa mfereji wa kati, eneo wanaloliita 3b. Hiyo ndiyo N20. Ni hodi mlangoni. Hodi inagongwa vilevile mwenye nyumba akiwa macho au amelala, na kinachobadilika ni nani ananyanyuka kwenda kufungua. Ndiyo maana madaktari wa wagonjwa mahututi wanaitegemea: mtu aliyepoteza fahamu baada ya moyo kusimama hawezi kuombwa azingatie, ila N20 yake inapimika, na ikikosekana pande zote mbili siku moja hadi tatu baadaye ni ishara mbaya sana. Wimbi linaloyumba kwa umakini lisingefaa kazi hiyo.

Kuhusu kuchelewa kwa milisekunde moja, mimi nasema si umakini. Wa Makete ataeleza.

---

BaridiYaMakete

Nimeitwa, nimekuja. Ni baridi.

Neva ikipoa inapunguza mwendo, makadirio ya kawaida ni kama mita 2 kwa sekunde kwa kila nyuzi moja ya joto. Toka kifundo cha mkono hadi begani chukua sentimita 60, mwendo mita 60 kwa sekunde: milisekunde 10. Mkono ukipoa kwa nyuzi 3 mwendo unashuka hadi 54, na njia ileile inachukua milisekunde 11.1. Hiyo ndiyo milisekunde yako moja. Raundi ya kwanza mshiriki ametoka kutembea, damu inazunguka. Raundi ya pili ameshakaa nusu saa mkono ukiwa wazi mezani, na chumba cha Mbeya mwezi wa Juni au Julai asubuhi mnakijua wenyewe. Njombe na Makete ndiyo usiseme.

Namna ya kuhakikisha: weka elektrodi moja juu ya mtulinga, lile bonde dogo pembeni ya shingo, upate N9. Kama N9 nayo imechelewa kiasi kilekile, na pengo kati ya N9 na N20 halijabadilika, basi ucheleweshaji uko mkononi, ubongo hauhusiki. Umakini hauwezi kuifikia neva ya mkono.

Dawa yake ni maji ya uvuguvugu dakika 10, mkono hadi kwenye kiwiko, kisha kausha vizuri, vaa elektrodi, funika mkono na blanketi mwanzo hadi mwisho. Pima joto la ngozi kifundoni kabla na baada ya kila raundi. Isipungue nyuzi 32. Nguvu ya kichocheo itafutwe upya baada ya kupasha, maana ngozi yenye unyevunyevu na joto haina ukinzani sawa na ile kavu ya baridi. Jiko la mkaa chumbani hapana: linapasha upande mmoja wa mkono, na hewa yake kwenye chumba kilichofungwa madirisha inaua.

Hata ukipasha, usifanye raundi zote za "zingatia" kwanza halafu zote za "usizingatie". Zipange zingatia, usizingatie, usizingatie, zingatia. Hivyo baridi, uchovu na jeli inayokauka vinagawanywa sawa kwa pande zote.

---

IsyesyeKwetu

Nimewaelewa vizuri sana, ndaga. Yaani nilikuwa nazima taa halafu nalalamika giza.

Nina maswali matatu. Moja, kama kuhesabu dhidi ya kusoma gazeti si ulinganisho mzuri, niweke nini? Mbili, kichocheo cha umeme ninacho kimoja tu. Naweza kutumia koili za sumaku zinazogonga vidole? Tatu, washiriki wengi ni akina dada waliosuka, na elektrodi hazishiki.

---

Kipunji (Tukuyu)

Dada na kaka mmeeleza vizuri, naongeza upande wa kazi anayopewa mshiriki, maana hata ukirekebisha filta na rejea, gazeti litakuharibia.

Anayesoma gazeti macho yanatembea, shingo imeinama, misuli ya taya inafanya kazi, na pengine amechangamka kuliko yule anayehesabu mipigo 500 hadi usingizi unamnyemelea. Tofauti ya umeme ikitokea hutajua imetoka kwa umakini, usingizi au macho. Unatakiwa ulinganishe mguso uleule, mkono uleule, mtu akiwa na kazi ngumu kiasi kilekile, kinachobadilika kiwe agizo tu.

Fanya hivi. Mikono yote miwili mezani, umbali wa nusu mita, imefunikwa kitambaa. Macho kwenye msalaba mdogo ukutani. Migongo, yaani kidole kugongwa na koili, inakuja kushoto au kulia bila mpangilio, nusu kwa nusu, muda kati yake ukiyumba kati ya milisekunde 800 na 1200. Kati ya kila migongo 10, mmoja hivi ni wa pekee: mgongo wa mara mbili badala ya mmoja. Agizo la awamu moja ni "hesabu kimoyomoyo migongo ya pekee ya kulia tu, ya kushoto achana nayo". Awamu nyingine unageuza. Asibonyeze kitufe. Kubonyeza kunaleta umeme wa misuli na wa kujiandaa kusogea, na zaidi ya hapo mkono unaosogea unajizibia wenyewe mguso: mawimbi yanapungua kwa sababu ya mwendo, wewe unaandika "umakini".

Kwenye uchambuzi unatupa migongo yote ya pekee na kubakiza ya kawaida tu. Ile ya pekee inaleta wimbi kubwa la milisekunde 300 linalohusu kutambua ulichokuwa unakitafuta, na hilo ni jambo jingine. Kisha unalinganisha mgongo wa kulia wakati akili iko kulia, na mgongo wa kulia wakati akili iko kushoto.

Hesabu ya mipigo. Awamu ya dakika 4 ina migongo kama 240, yaani 120 kwa kila mkono, ukitoa ya pekee unabaki na 108. Awamu 8, nne kila agizo, zinakupa 432 kwa kila hali ya kila mkono. Toa asilimia 15 kwa kupepesa macho, unabaki na 367. Kelele ya mpigo mmoja ikiwa mikrovolti 10, igawe kwa kipeuo cha pili cha 367, ambacho ni kama 19: unabaki na nusu mikrovolti. Unapotoa wastani mmoja kwenye mwingine kelele za zote mbili zinaungana, inakuwa 0.7 hivi. Tofauti ya mikrovolti 1 au 2 utaiona, hasa ukichukua wastani wa dirisha zima. Lakini mtu akikuletea mipigo 60 akasema ameona athari ya umakini, muulize tena.

Dirisha lenyewe liamue kabla hujaangalia: kwa mfano 120 hadi 160 kwa N140, 80 hadi 110 kwa P100. Chukua wastani wa volti ndani ya dirisha, si kilele. Kilele kinapenda kelele. Hali yenye mipigo michache itakuonyesha kilele kirefu bila sababu. Na idadi ya migongo ya pekee ibadilike kila awamu, kati ya 8 na 16, ili asikisie. Akikosea sana hesabu, awamu hiyo ondoa.

Koili zinafaa, na kwangu ni bora kuliko umeme kwa kazi hii, maana mguso wa kweli hauogopeshi. Ncha iwe ya plastiki butu, kidole cha shahada kilale kwenye sponji iliyokatwa umbo lake. Tumia betri ya volti 12, transista, na dayodi ya 1N4007 iliyogeuzwa kinyume sambamba na koili. Ukiisahau, koili ikizimwa inarusha mchomo unaowasha upya kidhibiti chako na kuingia kwenye EEG.

Shida kubwa ya koili ni mlio. Inagonga na inalia "tk", na sikio nalo lina wimbi lake la milisekunde 100 juu ya Cz. Mshiriki avae vipokea sauti vyenye kelele bapa, kama redio isiyo na stesheni. Kisha jaribu: nyanyua kidole milimita 2 juu ya ncha, rekodi migongo 100. Wastani ukiwa bapa, uko salama. Ukiona wimbi pale Cz, bado anasikia. Mvua nayo ikianza kupiga bati, simamisha. Huku Tukuyu hilo si jambo dogo, mtu anasikiliza mvua hata umwambie nini.

Jingine ni saa. Amri inatoka kwenye kompyuta, inapita USB, koili inachelewa kusogea. Usiamini muda wa programu. Bandika kidude cha piezo, kile cha bapa kilicho ndani ya kengele ndogo, chini ya ncha, punguza volti zake kwa rezista mbili, ingiza kwenye chaneli ya ziada ya amplifaya. Mgongo halisi utauona wenyewe. Kuyumba kwa milisekunde 5 hakuisumbui sana N140, ila kunaipasua N20 vipandevipande, kwa hiyo kwa koili isahau N20.

Wenye sugu, hasa wanaoshika jembe kila msimu, wanahitaji mgongo mzito zaidi. Pima kila mtu kiwango anachoanza kuhisi, uweke mara mbili au tatu ya hapo, mkono wa kushoto na wa kulia uhisiwe sawa.

---

BaridiYaMakete

La nywele nalijibu mimi. Tafuta kwanza mahali penyewe: pima utepe toka sikio hadi sikio kupitia utosini. Ukipata sentimita 36, C3 (nukta iliyo mbele kidogo ya CP3) iko asilimia 20 ya hiyo toka utosini, yaani 7.2 kushoto, na unarudi nyuma sentimita 2 kwa eneo la mkono. Mwambie mshiriki mapema asuke mistari ili njia ipite hapo. Twende kilioni inafaa sana kwa sababu njia zake zimenyooka toka mbele kwenda nyuma na ngozi inaonekana. Rasta za kuongezea nywele zilizofumwa nene shinani ni kazi. Aoshe kichwa kwa sabuni siku moja kabla, asipake mafuta, maana mafuta ya nywele yanazuia umeme kuliko nywele zenyewe. Sugua ngozi taratibu kwa jeli yenye chengachenga, pima ukinzani, chini ya kilo-omu 5 unaendelea.

Njia ikiwa pembeni kwa sentimita moja, kubali, mradi kushoto na kulia zilingane na elektrodi isisogezwe katikati ya zoezi. Unamlinganisha mtu na yeye mwenyewe.

Na ethi isikae kwenye paji la uso ukitumia kichocheo cha umeme. Iweke kwenye mkono uleule, kati ya kichocheo na bega. Mchomo wa kuanzia utapungua waziwazi. Laptopu iendeshwe kwa betri, chaja ichomolewe kabisa kwenye soketi, taa za tyubu zizimwe.

---

Gangilonga

Kipunji kaeleza yote niliyotaka kusema kuhusu kazi. Nyongeza moja: usitazame wastani tu. Kabla mguso haujafika, umakini unaonekana kwenye mdundo wa 8 hadi 13 Hz juu ya eneo la mkono. Mwambie mtu "kulia", na ndani ya nusu sekunde hadi sekunde moja mdundo huo unashuka upande wa kushoto wa kichwa, unabaki juu upande wa pili. Kwenye wastani wa kawaida hutauona, kwa sababu mawimbi yake hayajafungwa na saa ya mguso, yanafutana. Inabidi uhesabu nguvu ya mdundo kwa kila mpigo kwanza, ndipo upige wastani wa nguvu hizo. Kwa hili ongeza ishara ya mlio au mshale kabla ya kila mgongo, uache milisekunde 1000 kati yake.

---

Kipunji (Tukuyu)

Gangilonga, nikukosoe kidogo, usije ukamwachia mwenzetu sheria ya chuma. N20 kutobadilika, sawa, matokeo mengi yako hivyo. Lakini kati ya N20 na P100 pana uwanja ambao watu hawajaacha kubishania. Desmedt na Robertson, mwaka 1977, walipiga vidole kwa umeme kwa mfululizo wa haraka wenye kazi ngumu, wakapata mabadiliko kabla ya milisekunde 100 pamoja na yale ya N140. Wengine wakaona mawimbi ya mapema yakikua pale mtu anapokaa na mkono mmoja muda mrefu, na yasikue anapohamishwa kila mpigo. Kwa hiyo awamu ndefu za agizo moja na ishara ya mpigo kwa mpigo ni mazoezi mawili, matokeo yake usiyachanganye.

Mahali penyewe pia panaeleza kitu. Mwaka 1993 Hsiao, O'Shaughnessy na Johnson walirekodi seli mojamoja kwa nyani wanaotofautisha herufi kwa kidole. Eneo la kwanza la mguso, karibu nusu ya seli zilibadilika kufuatana na umakini. Eneo la pili, lililo chini pembeni, ni kama asilimia 80. P100 na sehemu ya N140 zinatoka hasa kwenye eneo hilo la pili, la pande zote mbili. Ndiyo maana athari inaonekana hata upande wa kichwa uleule wa mkono unaoguswa. Mwanafunzi akiona CP4 nayo imepanda wakati mkono wa kulia unagongwa, asidhani amechanganya waya.

Na kuna ubishi wa aina nyingine: je, N140 yenyewe ndiyo imekuzwa, au kuna wimbi jingine pana la hasi limekaa juu yake? Chora wimbi la tofauti, yaani zingatia ukitoa usizingatie. Tofauti ikipanda na kushuka pamoja na N140, kwa umbo lake na mahali pake kichwani, sema imekuzwa. Ikianza milisekunde 120 ikaendelea hadi 250 bila kurudi, kuna kingine kimeongezwa. Waachie wanafunzi walitazame hilo wenyewe.

---

IsyesyeKwetu

Asanteni sana. Narudia nione kama nimeshika: rejea masikioni, rekodi 0.1 hadi 2000, koili mbili za vidole vya shahada, muda 800 hadi 1200, awamu 8 za dakika 4, hesabu bila kitufe, mikono ya moto. N20 nitaionyesha siku nyingine kwa kichocheo cha umeme, mipigo 4.7 kwa sekunde, raundi mbili za 500 ili waone zinalalana. Kibali cha maadili cha chuo nimeshakiombea.

Kimoja kimenibana: kwenye michoro ya vitabu vingine N140 inaelekea juu, vingine chini.

---

Gangilonga

N ni hasi popote pale, ila madaktari wa neva wamezoea kuchora hasi juu, wanasaikolojia wengine wanachora chanya juu. Herufi inasema alama ya umeme, namba inasema milisekunde. Andika kwenye mhimili wa wima upande upi ni hasi, kwa kalamu nene. Na kama kibali ni cha zoezi la darasani tu, matokeo yakitaka kuchapishwa huenda ukahitaji pia cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, kiombe kabla ya kurekodi mshiriki wa kwanza. Hawakitoi kwa data iliyokwisha kukusanywa. Wenye betri ya moyo au historia ya kifafa usiwaweke kabisa kwenye kichocheo cha umeme.

---

BaridiYaMakete

Na maji ya moto yaandaliwe kwenye chupa za chai mapema. Umeme ukikatika katikati ya zoezi laptopu itaendelea kwa betri, ila birika halitachemka.